Dakika 40 andalio, siku tano mbele kwa mbele?

Siku nyingi sijaandika, kazi za semina zimetubana hadi kooni. Leo sina stori za bwenini wala za foleni ya kafteria. Leo nina ugomvi, na wahusika wanajijua.

Ninyi wa kundi letu la safari ya Ziwa Natron mnakumbuka juzi nilipouliza swali moja dogo: nani anashughulikia maji? Mmoja akanijibu, "Ticha, acha mambo ya andalio la somo, hii ni safari ya kujiachia." Mwingine akasema tutajua mbele kwa mbele. Wengine wakacheka wee, na kesho yake mjadala ukawa rangi ya fulana.

Haya, tuanzie hapo hapo kwenye andalio la somo. Sisi wa ualimu tukienda TP, kwa kipindi kimoja cha dakika 40, tena darasani, chini ya bati, shule ina choo na mwalimu wa zamu, tunaandika andalio. Utangulizi dakika ngapi, zana zipi, tathmini itakuwaje. Mkaguzi akikukuta huna, umekwisha. Halafu watu hao hao wanataka kupeleka roho tisa porini kwa siku tano na gari moja, na anayeuliza habari ya maji anaonekana mnoko. Jamani!

Kwanza niwanyamazishe wale wa upande wa pili, wanaosema safari za namna hii ni mambo ya Wazungu. Hapana. Mimi nitafundisha jiografia. Kidato cha tatu wataniuliza Bonde la Ufa lilivyotokea na volkano inavyofanya kazi, na Ol Doinyo Lengai iko hapa hapa kwetu. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina yake, yenye magadi mengi, isiyo na joto la lava za kawaida, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe baada ya siku chache ikikutana na unyevu. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Chini yake kuna ziwa ambako heroe wadogo, wale flamingo wa rangi ya waridi, wanakuja kuzaliana, na ukiwa njiani unapita Engaruka kwenye magofu ya mawe na mifereji ya watu waliolima kwa kumwagilia karne nyingi zilizopita. Mwalimu wa jiografia wa Tanzania kuviona vitu hivyo kwenye picha tu za kitabu, na picha yenyewe fotokopi, ni aibu. Kwa hiyo nataka kwenda, pengine kuliko ninyi wote. Ndiyo maana nakataa hii ya kubahatisha.

Sasa pesa. Tuko tisa, kila mtu laki moja kutoka kwenye bumu, jumla 900,000. Mnasema gari ni la bure kwa sababu mjomba wa mwenzetu katoa Land Cruiser mkonga yake. Mungu ambariki mjomba, lakini mkonga hauendi kwa maombi. Kutoka hapa Dar mpaka Arusha ni zaidi ya kilometa 600, ongeza za kufika Mto wa Mbu, weka 750. Kwenda na kurudi 1,500. Halafu kuanzia Mto wa Mbu kwenda kaskazini mpaka ziwani weka kama 120, kurudi 240, na kuzungukazunguka tufanye yote 400. Gari kubwa la zamani la dizeli lililojaa watu, kwenye lami lipe lita 14 kwa kilometa 100, kwenye mawe na mchanga lipe 20. Inakuja lita 210 na lita 80, jumla 290. Piga kwa 3,000 ili hesabu iwe rahisi: 870,000.

Zimebaki elfu thelathini. Watu tisa, siku tano. Haifiki hata shilingi 700 kwa mtu kwa siku, na hapo hatujalipa sehemu ya kupiga mahema, hatujalipa ushuru wa vizuizi vya halmashauri njiani, hatujala. Chipsi kavu hupati. Na bado kuna mtu alitaka tuchangie fulana.

Halafu mzigo. Watu tisa wa kilo 65 ni kilo 585. Kuanzia Mto wa Mbu mpaka kurudi pale ni siku tatu, na kwa joto la kule mtu asipopata lita tano kwa siku za kunywa na kupikia anajidanganya. Ziwa liko chini, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, limekaa kwenye shimo la Bonde la Ufa, na maji yake ni magadi, huyanywi wala huyatii kwenye rejeta. Hizo ni lita 135, yaani kilo 135. Tumeshapita kilo 700 kabla ya mahema, masufuria, madumu ya dizeli, na lile spika la mshikaji mmoja lenye ukubwa wa jokofu. Kadi ya gari inaandika uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Nani kaisoma? Na mkishajaza kila kitu juu ya keria, gari linakuwa kama mwanamke aliyejitwika ndoo mbili, kona moja ya mteremko wenye mawe na tumelala ubavu.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni tarehe. Pasaka! Katikati ya masika! Kule kuna makorongo yanayokatiza njia, makavu kabisa, unapita unaimba. Mvua ikinyesha juu milimani, ninyi mko kwenye jua kali, mnashtukia korongo limekuja na maji, na usipoyaona mapema yanabeba gari na waliomo. Na ule udongo mweusi ukilowa hautofautishi mkonga na bajaji. Mtasema gari lina gia za porini. Sawa, nani anajua kuziingiza? Dereva wetu namheshimu sana, leseni anayo, ila porini kwake ni foleni ya Ubungo. Je, mnajua kwamba kwenye mchanga unapunguza upepo wa matairi, na kwamba ukishatoka mchangani lazima uujaze tena, kwa hiyo unahitaji pampu? Mnajua jeki kwenye tope inazama yenyewe kama hukuiwekea ubao chini? Tairi la akiba ni moja, njia yenyewe ni ya mawe makali ya volkano. Pancha ya pili tunafanyaje? Mtandao wa simu kuna sehemu haupo kabisa, kwa hiyo msiniambie "tutapiga simu".

Na katika sisi tisa kuna mwenzetu ana pumu. Simtaji, mnamjua. Vumbi la kule na pumu si marafiki. Gari moja likikwama jioni hakuna la pili la kumkimbiza hospitali. Hapo "mbele kwa mbele" mtamwambia nani, mama yake?

Kuna msomi mmoja wa historia, tena wa hapa hapa, kaleta hoja kwamba wazee wetu walisafiri bila mipango. Wazee gani? Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na kirangozi wa kuongoza, wapagazi, na posho ya kila mtu. Neno posho tunalitumia mpaka leo kwenye semina, ila tumesahau lilitembea kwa miguu. Na dereva yeyote wa lori la shamba haondoki bila utingo, chepe, mnyororo na dumu la maji. Hajasoma chuo, lakini hawezi kuwaelewa ninyi hata kidogo.

Sasa pendekezo langu, mlipinge kwa hoja si kwa vicheko. Twende Septemba baada ya TP, ardhi imekauka. Twende sita kwa gari moja, au tisa kwa magari mawili, na kwa kweli mawili ni bora hata tukiwa sita. Mchango upande, tuwe na miezi ya kuukusanya kidogo kidogo. Mweka hazina awe mtu mmoja mwenye daftari, asiwe mwenye spika. Gari liende kwa fundi wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Na tuchukue mwenyeji wa kutuongoza kuanzia Mto wa Mbu, mtu anayelijua korongo kwa sura. Atatugharimu, ndiyo.

Anayeona hizo ni nongwa za mwalimu, ruksa aende Pasaka na wenzake. Sitamnunia. Ila aniachie jina na namba ya simu ya nyumbani kwao, za watu wote, kwa sababu atakayeulizwa hapa bwenini ni mimi.

Kikao Jumamosi saa kumi jioni, pale pale chini ya mwembe. Laki yangu nakuja nayo, na itabaki mfukoni mpaka nione karatasi yenye tarehe, majina na madumu ya maji.

Nawasilisha.