INUKA MPENDWA, HATA KAMA NI HATUA MOJA



Leo tuongee kuhusu tabia moja ambayo sisi tunaiita upendo. Mtu wetu akilazwa hospitali ya rufaa hapa mjini, tunajaa wadini. Tunaomba, tunaimba, tunamimina uji. Mgonjwa akijaribu kuketi tunamzuia: "Lala mama, usijisumbue." Akirudi nyumbani Bulla Pesa au Kulamawe, tunamlisha kwa kijiko, hata maji ya kunawa uso tunampelekea kitandani. Wiki tatu zinapita. Homa ilishaondoka, lakini miguu haimbebi. Ndipo tunaanza kukemea roho ya udhaifu!

Wapendwa, naamini uponyaji kwa moyo wangu wote. Lakini mara nyingi udhaifu huo unatoka kitandani, si kwa pepo.

Madaktari wamelipima jambo hili. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya msuli wa paja ndani ya siku 10 tu. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 104 waliokuwa wakipumua kwa mashine. Kati ya walioanza mazoezi mapema, asilimia 59 walitoka hospitali wakitembea na kujihudumia wenyewe. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 35. Na mwaka 2015, utafiti wa nchi 17 ulionyesha kwamba hata nguvu ya kushika kwa mkono inaashiria mengi: wenye mkono dhaifu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Msuli ni akiba. Ugonjwa ukija, unakula hiyo akiba.

Sasa soma Marko 5. Binti Yairo alipofufuliwa, alisimama akatembea, na Yesu akaagiza apewe chakula. Muujiza, hatua, sahani! Soma Matendo 3. Petro hakumwombea yule kiwete akaenda zake. Alimshika mkono wa kuume akamwinua, na nyayo zikapata nguvu.

Sisi tunawekea wagonjwa mikono kichwani. Ni vizuri. Lakini nani anawashika mkono wainuke?

Sisemi tukurupuke. Utafiti mwingine umeonyesha kwamba kumsukuma mgonjwa kupita kiasi, au mapema mno baada ya kiharusi, kunaweza kumdhuru. Muulize kwanza daktari, nesi au mtaalamu wa fiziotherapia: "Leo anaruhusiwa kufanya nini?" Wakisema alale, alale. Wakisema aketi, mketishe. Kesho asimame, keshokutwa afike mlangoni, mtu akiwa kando yake asianguke.

Ombi langu kwa viongozi wa ushirika wa nyumbani: mkimtembelea mgonjwa aliyeruhusiwa kutembea, msiondoke kabla ya kutembea naye. Bebeni mayai, maharagwe, maziwa, si soda na mkate tu. Na wewe mzima, usingoje kulazwa. Tembea kwa miguu kuja ibadani ukiweza.

Mungu akiponya, anataka uinuke. Tusimlaze aliyeinuliwa na Bwana.

Una mgonjwa nyumbani? Andika jina lake la kwanza hapa chini tumwombee, kisha nenda ukamuulize daktari wake swali hilo. Sambaza kwa anayeuguza.

Mbarikiwe. Amina!