GPS Inakufikisha Karibu, Macho ni Yako



Leo naanza na ungamo. Mchungaji wenu anapenda GPS kama mtoto anavyopenda peremende. Barabara ya Embu kwenda Meru naijua vizuri: Runyenjes, Chuka, Nkubu, hadi mjini. Bado nawasha kifaa kiniambie zimebaki kilomita ngapi! Na Jumamosi nikipata nafasi, mimi na vijana wa kanisa tunacheza kutafuta hazina. Mmoja anaficha kopo shambani, kwa ruhusa ya mwenye shamba, anatutumia nambari za mahali, nasi tunalisaka. Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia.

Ndugu mmoja aliniuliza, "Pasta, hiyo si kupoteza wakati?" Ndugu yangu, kucheka na vijana si dhambi. Na huko shambani Mungu amenifundisha jambo.

Ili kijue uliko, kifaa hicho hupokea mawimbi ya angalau setilaiti nne, zilizo kama kilomita 20,000 juu yetu. Hata hivyo kikisema umefika, kopo bado hulioni! Kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Hapo unatia simu mfukoni, unainama, unapekua majani, unainua mawe. Anayeendelea kukodolea kioo macho anarudi mikono mitupu.

Barabarani ni vilevile. Kwenye ramani, daraja la Nithi ni mstari tu. Kifaa hakijui breki zako zina hali gani, wala hakijui umechoka. Tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mara ya kwanza nilipoendesha gari huko, mzee aliyeketi kando yangu aliniambia, "Pasta, punguza gia kabla ya mteremko, usingoje ufike katikati." Hakuna setilaiti iliyoniambia hivyo.

Soma Hesabu sura ya 10. Wana wa Israeli walikuwa wakiongozwa na wingu la Bwana lenyewe. Lakini Musa alimsihi Hobabu, mtu aliyelijua jangwa, asiwaache, awe kwao kama macho. Wingu lilikuwepo, na bado Musa alimhitaji mtu!

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: furahia kifaa chako, tembea, uone kazi ya Mungu kuzunguka Mlima Kenya. Lakini usimfukuze Hobabu wako. Dereva unayeshuka Nithi jioni ya leo, mwenda pole hajikwai. Abiria akikuomba upunguze mwendo, usimkasirikie. Huenda ndiye macho uliyopewa.

Na wewe unayesikiliza mahubiri matano kwa simu kila siku, Mungu akubariki. Yamekufikisha karibu. Lakini kupiga magoti ni kazi yako. Kwenda kwa ndugu mliyekosana kwa ajili ya shamba, umwambie "nisamehe", hiyo pia ni kazi yako. Hazina iko mita chache tu kutoka uliposimama. Inama!

Baba, tupe masikio ya kukusikia wewe, na unyenyekevu wa kuwasikia wale uliowaketisha kando yetu. Linda kila anayepita Nithi leo. Katika jina la Yesu.

Hobabu wako ni nani? Mpigie simu leo umshukuru.

Amina. Mbarikiwe.