Philadelphia haikukosea kumtimua Andy Reid

Wapo mashabiki wanaosimulia habari za Andy Reid kama kisa cha klabu iliyotupa dhahabu jalalani. Philadelphia Eagles walimfukuza Desemba 31, 2012, naye akaenda kutwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani mara tatu akiwa na Kansas City Chiefs. Basi, wanasema, Eagles walikuwa vipofu. Safu hii haikubaliani nao.

Eagles hawakuwa na pupa hata kidogo. Walimpa ukocha mkuu Januari 1999, wakimtoa kwenye benchi la ufundi la Green Bay Packers, ambako hakuwahi hata kukabidhiwa safu nzima ya ushambuliaji. Msimu wa kwanza alishinda mechi 5, akapoteza 11. Hakuna aliyemgusa. Uvumilivu huo ukazaa matunda: kuanzia msimu wa 2001 hadi wa 2004, kila mwaka timu ilifika mechi moja tu kabla ya Super Bowl, fainali inayotoa bingwa wa ligi ya NFL. Mara tatu za mwanzo iliishia hapo. Ya nne ikavuka, ikafungwa 24–21 na New England Patriots, Februari 2005.

Fainali hiyo ndiyo iliyomganda. Eagles walikuwa nyuma kwa pointi 10, zimebaki chini ya dakika 6, nao wakacheza polepole kana kwamba wao ndio wanaoongoza. Walipofunga, dakika zaidi ya 3 zilikuwa zimekwenda. Lawama kwamba Reid hajui kuitumia saa zilimfuata kwa miaka mingi, na si za kuonewa.

Kombe halikuja. Agosti 2012 alifiwa na mwanawe wa kwanza, aliyekuwa kambini akiisaidia timu. Kocha alizika, akarudi kazini, lakini msimu ukawa wa ushindi 4 na vipigo 12. Kibarua kikaota nyasi. Alikuwa amekaa miaka 14 na kushinda mechi 130 za ligi, kuliko kocha yeyote katika historia ya klabu hiyo. Ukimpa mtu miaka 14, hujamwonea. Pande zote mbili zilikuwa zimeishiwa.

Chiefs, waliokuwa wametoka kushinda mechi 2 na kupoteza 14, walimnyakua kabla wiki haijaisha. Msimu wake wa kwanza ulikwisha kwa ushindi 11 na vipigo 5. Lakini udhaifu wa zamani alihama nao: Januari 2014, kwenye mchujo, Chiefs waliongoza 38–10 dhidi ya Indianapolis Colts, kisha wakafungwa 45–44. Angeishia hapo, leo angetajwa kama kocha hodari asiyejua kumaliza kazi.

Aliyebadilisha mambo ni mchezaji mmoja. Aprili 2017 Chiefs walibadilishana nafasi na Buffalo Bills ili wawahi kumchagua Patrick Mahomes, kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuamua amrushie nani. Klabu nyingi zingemtupa uwanjani siku ya kwanza. Reid alimkalisha benchi karibu msimu mzima, ajifunze nyuma ya mkongwe Alex Smith. Watu husifu michoro yake ya mbinu. Kwa mtazamo wa safu hii, mwaka huo wa benchi ndio uamuzi wake bora kuliko mchoro wowote. Msimu uliofuata Mahomes alikuwa mchezaji bora wa ligi. Ubingwa ukafuata Februari 2020, 2023 na 2024, na ule wa 2023 Reid aliutwaa kwa kuwafunga Eagles haohao, 38–35.

Na Eagles je? Walibeba Super Bowl yao ya kwanza Februari 2018 wakiwa na Doug Pederson, aliyewahi kucheza, kisha kufundisha, chini ya Reid. Naye hakudumu; Januari 2021 alifungashiwa virago, ubingwa na vyote. Nafasi yake ikachukuliwa na Nick Sirianni, ambaye alikuwa kocha msaidizi wa Chiefs mwaka 2012. Reid alipoingia Kansas City hakumbakiza. Februari 2025, mjini New Orleans, Sirianni aliwaongoza Eagles kumfunga Reid 40–22 kwenye Super Bowl.