NJIA NI MALI YA UMMA

Meya akirudi kuomba kura, sisi hatumwulizi ahadi. Twamwuliza mtoto apita wapi kwenda shule. Pontevedra ni mji mdogo wa Galicia, nchini Hispania, wenye watu wapata 80,000. Mwaka 1999 Miguel Anxo Fernández Lores, wa chama cha kizalendo cha BNG, alishika umeya, akayaondoa magari mengi katikati ya mji, akawapa njia waendao kwa miguu. Baadhi ya wenye maduka walilalamika, hakurudi nyuma. Mwaka 2023 akapewa kipindi cha saba.

Ndugu wanachama, njia si ya mwenye gari peke yake. Anayetaka kura zetu na atuonyeshe kazi, si maneno.