Kubofya Si Elimu

Likizo iliyopita nilikuwa Hedaru, kando ya barabara kuu itokayo Same kuelekea Korogwe. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniomba nimfundishe kuandika programu. Tukaenda shuleni kwao. Kompyuta za mezani zilikuwapo, zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Tulipotaka kusakinisha lugha ya programu, kompyuta ikadai nywila ya msimamizi. Mwalimu hakuwa nayo. Mkuu wa shule hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mfadhili aliyezileta, naye alikwisha kuondoka zamani.

Ndugu msomaji, huo ndio muhtasari wa elimu yetu ya kompyuta: tunapokea chombo, hatupokei ufunguo.

Jioni nilimketisha kijana yule mbele ya kompyuta kuukuu ya mezani iliyoko kwa shangazi yangu, yenye mfumo wa Linux. Katika flashi nilikuwa na msimbo chanzo wa lugha iitwayo Lua, ambao kifurushi chake hakifiki hata megabaiti moja. Akakifungua, akaandika amri moja fupi, na kompaila ikaanza kugeuza faili moja baada ya jingine, kutoka maandishi asomayo binadamu kuwa maelekezo yatekelezwayo na mashine. Haikuchukua dakika mbili, wala haikuhitaji intaneti. "Kumbe inatengenezwa!" akasema. Miaka miwili ya somo la kompyuta haikuwa imemfikisha kwenye sentensi hiyo.

Niliichagua Lua kwa makusudi. Haikuzaliwa Marekani. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazil, ambako vizuizi vya biashara vilikuwa vimefanya ununuzi wa programu za nje kuwa mgumu. Wataalamu wakajitengenezea zao. Leo Lua inatumika hata ndani ya Wikipedia. Sisi nasi, mwaka 1974, tulipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wenzetu walikigeuza kizuizi kuwa karakana. Sisi tulikigeuza kuwa likizo.

Wala ufundi wa kugeuza malighafi kuwa zana si mgeni Upare. Kule Ugweno, wahunzi wa ukoo wa Washana walifua chuma kilichoyeyushwa humohumo milimani, na chuma cha Upare kikauzwa hadi Uchagani. Hawakusubiri mfadhili alete jembe.

Najua hoja ya maofisa: wanafunzi wataharibu kompyuta. Naam, baadhi wataharibu. Mfumo ulioharibika husakinishwa upya kwa saa chache. Akili iliyozoeshwa kuiogopa mashine haisakinishwi upya.

Ninachodai ni kidogo. Shule ipokeayo kompyuta ikabidhiwe na nywila yake. Kila kompyuta iwe na kompaila. Kila mwanafunzi wa somo hili, kabla ya kumaliza kidato cha nne, ajenge walau lugha moja kutoka msimbo wake. Hayo hayasubiri bajeti mpya. Kompaila ya GCC inatolewa bure tangu mwaka 1987. Yanasubiri mtu mmoja ofisini asaini waraka.

Hadi atakaposaini, tusikiite chumba kile maabara. Ni stoo.