Winga Aliyenyang'anywa Kariakoo

Miezi michache iliyopita nilikaa meza kuu katika siku ya ujasiriamali ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mzungumzaji, kijana aliyevaa suti iliyomkaa vizuri, aliwaonyesha wanafunzi wetu picha ya simu yake: maelfu ya dola zilizoingia, kwa maelezo yake, akiwa amelala. Biashara hiyo, alisema, haihitaji mtaji, haihitaji fremu, haihitaji stoo. Unafungua duka mtandaoni, unaweka picha za bidhaa za mtu mwingine, Mmarekani ananunua, muuzaji wa China anamtumia mzigo moja kwa moja, nawe unabaki na tofauti ya bei. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Nami, nakiri kwa aibu, nilipiga makofi.

Wiki kadhaa baadaye mmoja wa wanafunzi wale aligonga mlango wa ofisi yangu. Alikuwa amechukua fedha ya kujikimu ya miezi miwili, ile wanayoiita bumu, akalipia kozi ya yule bwana na kiasi kilichobaki akakiweka kwenye matangazo. Alikuwa akila mlo mmoja kwa siku. "Mwalimu," aliniambia, "duka lipo, ila mteja hata mmoja sijamwona." Hakuja kunilaumu. Alikuja kuuliza kama najua kozi nyingine iliyo bora zaidi. Swali hilo ndilo lililonikosesha usingizi, na ndilo linalonifanya niandike.

Jina la kigeni la biashara hii, dropushipingi, linatisha, lakini kitu chenyewe Kariakoo wanakijua na wana neno lake: uwinga. Winga hana duka. Anasimama Mtaa wa Kongo au Msimbazi, anakudaka unapotafuta viatu, anapanda ghorofani kwenye fremu anayoijua, anachukua jozi kwa shilingi 25,000 na kukuuzia kwa 35,000. Ile 10,000 ndiyo cha juu. Siku hizi winga ana simu: anapiga picha mali ya jirani, anaiweka Instagram, na mteja wa Mbeya akituma fedha, mzigo unapanda basi. Kuuza kisicho chako, basi, si uvumbuzi wa jana, na wala si dhambi. Mimi nauona uwinga kuwa kazi yenye heshima kubwa kuliko ile tunayoipa sisi wenye shahada.

Ugomvi wangu uko wapi basi? Uko hapa: winga anajua anachouza. Amekishika kiatu, amekikunja soli, amegundua kwamba gundi ya mzigo wa mwezi huu inaachia. Namba ikikataa, anarudi ghorofani na kubadilisha kabla hujamaliza soda yako. Mwenye fremu anamjua kwa jina, anamwamini, siku nyingine anampa mali kwa mdomo tu. Nawe mnunuzi unajua pa kumpata kesho, hata kama ni kwa ajili ya kumtukana. Biashara yake yote imesimama juu ya kujuana huko. Cha juu ni ujira wa maarifa yake. Sasa mtazame kijana wa bweni anayemuuzia taa ya mezani mtu wa Ohio. Taa hajaigusa. Aliyeitengeneza hamjui. Anayeinunua hamjui. Hawezi kumfikia yeyote kati yao ila kwa barua pepe, na taa ikifika imevunjika baada ya wiki tatu, anayedaiwa ni yeye, si karakana ya Guangdong, maana mnunuzi alimlipa yeye. Huyo ni winga aliyenyang'anywa Kariakoo, akaachiwa lawama peke yake.

Tuje kwenye hilo la kutohitaji mtaji. Mzungumzaji wetu hakuandika hesabu ubaoni, kwa hiyo naiandika mimi, kwa mfano wa kubuni. Tuseme taa inapatikana AliExpress kwa dola 8 pamoja na usafiri, nawe unaiuza kwa dola 25. Cha juu ni dola 17, na hapo ndipo makofi yalipoanza. Lakini Mmarekani hajui kwamba upo duniani. Ili akuone, lazima ulipie tangazo Facebook au Instagram. Tuseme kila anayebofya anakugharimu senti 40 za dola, na katika kila watu 100 wanaobofya, wawili wananunua. Mgeni asiye na jina atashukuru kupata hao. Umetumia dola 40 kupata wateja 2, yaani dola 20 kwa kila mmoja. Cha juu kilikuwa 17. Umepoteza dola 3 kwa kila taa, na bado hujalipa ada ya duka lenyewe, ambayo kwenye majukwaa kama Shopify hulipwa kila mwezi uuze usiuze. Hujakatwa ada ya malipo. Hujamrudishia fedha aliyepokea vipande. Kwa hesabu ya namna hii, kadiri unavyouza ndivyo unavyofilisika.

Mtaji, kwa hiyo, upo. Kilichobadilika ni mahali unapokwenda. Mwenye stoo akishindwa anabaki na taa. Atazipeleka Tandika, atauza kwa hasara, atapata nauli ya kurudi nyumbani. Aliyeweka bumu lake kwenye matangazo habaki na kitu cha kushika mkononi, wala cha kumrithisha mdogo wake.

Na akiuza, fedha inamfikiaje? Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea, na Stripe nayo haikuiweka nchi yetu katika orodha ya nchi inazozihudumia. Kozi ya yule bwana ina jibu: tumia jina la ndugu aliyeko nje, na kama huna ndugu, nunua akaunti kwa mtu wa Telegram. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 21 anavyofundishwa kuanza maisha ya biashara, kwa jina lisilo lake. Wateja wakilalamika, na watalalamika, akaunti inafungiwa, na PayPal inaweza kuzuia fedha iliyomo hadi siku 180. Atakwenda kumshtaki nani, na kwa kitambulisho kipi?

Sijagusa ushuru. Kwa zaidi ya miaka tisa Marekani iliruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na juu ya dirisha hilo ndipo sehemu kubwa ya biashara hii ilipojengwa. Dirisha lilifungwa kwa mali ya China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Ulaya ilikuwa imeondoa msamaha wake wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vidogo tangu Julai 2021. Vitini alivyonionyesha mwanafunzi wangu havikuwa na neno hata moja juu ya hayo.

Mtaniambia wapo waliofanikiwa. Wapo. Zappos, duka la viatu la Marekani, lilianza mwaka 1999 kwa mtindo huuhuu wa kuuza viatu lisivyokuwa navyo. Lakini someni hadithi hiyo mpaka mwisho: baada ya miaka michache waliachana na mtindo huo, wakajaza ghala lao wenyewe, kwa sababu hawakuweza kumwahidi mteja kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao. Walitajirika kwa kutoka huko, na sisi tunawauzia watoto wetu mlango wa kuingilia.

Nani basi anapata faida? Anayeuza kozi. Kozi ndiyo bidhaa isiyo na usafiri, isiyo na ushuru, isiyorudishwa, na mnunuzi wake ameketi tayari mbele yako. Sisemi kwamba kozi hizi ni upatu; wanaokumbuka DECI ya mwaka 2009, watu walipoambiwa wapande mbegu wasubiri mavuno, wanajua tofauti. Upatu ulichukua fedha ukaahidi fedha. Kozi inachukua fedha na kukupa maarifa nusu, na ukishindwa unaambiwa hukujituma. Aliyelizwa na upatu angalau alijua kwamba ameibiwa. Mwanafunzi wangu alidhani kosa ni lake.

Hapa ndipo nasi tunapoingia, sisi wa meza kuu. Ukumbi ule tulimpa bure, pamoja na maji ya chupa na barua ya shukrani. Tulimpa kitu asichoweza kukinunua kwa tangazo lolote: sura ya chuo. Na tulifanya hivyo kwa sababu ilitufaa. Kwa miaka sasa, kila mwanafunzi anapouliza ajira ziko wapi, tuna jibu moja: jiajiri. Ni jibu tamu kwa anayelitoa, kwa kuwa halimgharimu kitu. Serikali halijengei kiwanda, chuo hakibadilishi mtaala, nami sihitaji kueleza ni kwa vipi miaka mitatu ya mihadhara yangu haimwezeshi kijana kusoma hesabu ya taa ya dola 8. Tumemkabidhi mzigo wetu, kisha tumemwita tajiri wa suti amfundishe namna ya kuubeba akiwa amelala.

Kwa anayeanza na anayesisitiza kuanza, ninachoweza kumwambia ni kidogo. Anza na mali unayoweza kuifikia kwa daladala. Iguse. Muuzie mtu anayelipa kwa simu, kwa shilingi, na anayeweza kukurudishia. Ukimjua mwenye mali na ukamjua mteja, hapo uagize China kwa jina lako, upitie kwa msafirishaji ambaye ofisi yake umeiona kwa macho. Ni polepole, na hakuna atakayekupigia makofi.

Mwanafunzi yule nilimtafutia chakula, jambo ambalo halistahili sifa. Sasa Jumamosi anashinda Kariakoo na binamu yake, anauza mabegi ya mgongoni ya fremu ya watu. Amenieleza kwa kirefu, bila kuulizwa, zipu zipi hukwama. Siku ya ujasiriamali ya mwaka huu imepangwa, na yule bwana amealikwa tena. Nimeandika barua kwa kamati nikiomba aje na taarifa za benki za duka lake za miezi 12, mapato ya kozi yawekwe kando, mapato ya bidhaa yawekwe kando. Sijajibiwa. Wakiniweka tena meza kuu, nitaliuliza ombi hilo kwa kipaza sauti.