Nani Kasema Hatuwasomei Watoto?

Mfungo Sita uliopita, nyumbani kwa bibi yangu Kisiwa Panza, mtoto wa kaka yangu alisimama juu ya mkeka mbele ya wanawake thalathini na kitu akaghani shairi la Krismasi. Kwa Kiingereza. Ana miaka saba, meno mawili ya mbele hana, na hakukwama hata mara moja.

Ulikuwa usiku wa maulidi. Kabla kitabu hakijafunguliwa, watoto waliitwa mmoja mmoja waseme walichonacho. Wenzake walitoa kasida za chuoni. Yeye akatoa mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, gari la theluji linalokokotwa na wanyama wanane wenye pembe, na safari ya kushuka ndani ya dohani na mzigo wa zawadi mgongoni. Alipomaliza, wanawake walisema mashaallah, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kinateleza, na Kiingereza kwetu kikiteleza hakiulizwi kinakwenda wapi.

Bibi peke yake ndiye aliyeuliza. Nikamweleza: ni usiku wa kuamkia Krismasi, nyumba kimya, watoto wamelala, mgeni anaingia kwa siri, anaacha zawadi, anaondoka.

"Watoto wamelala?" akauliza.

"Wamelala, bibi."

"Mgeni wa usiku mkubwa kama huo, na watoto wameachwa walale?"

Wanyama wanaopaa hawakumshangaza. Dohani haikumshangaza, ingawa jiko lake ni mafiga matatu na moshi hutoka unapotaka. Kilichomshinda ni hao watoto waliolala.

Sasa nikwambie ukweli, msomaji, kabla sijaanza kugomba na watu: shairi lile nililipeleka mimi. Ninasoma shahada ya uzamili bara, katika fasihi ya Kiswahili, na siku moja nilipita kwa muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam nikaona kitabu chembamba chenye picha nzuri, theluji ya buluu na madirisha ya manjano. Nikakinunua. Kikafika Panza ndani ya mkoba wa mtu, kwa boti kutoka Chokocho. Halafu, kwa kuwa mimi niko mbali, nikawa namsomea mtoto kwa ujumbe wa sauti kwenye simu ya baba yake, ukurasa mmoja kila usiku, yeye akifuatisha picha. Tukimaliza tunaanza tena. Miezi mitatu. Sikukusudia kuanzisha mila, lakini mila huanza hivyohivyo: sauti ya mtu unayempenda, saa ileile, maneno yaleyale.

Wala sina ugomvi na Krismasi. Chuoni nimekaa chumba kimoja na msichana wa Moshi ambaye kila Desemba hurudi Kilimanjaro na ukoo wao mzima, "kuhesabiwa" kama wanavyosema, na namuonea wivu wa kheri. Ugomvi wangu ni na sentensi moja.

Sentensi hiyo niliisikia kwenye semina. Aliyeisema aliisema kwa upole, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote: familia za pwani hazina utamaduni wa kuwasomea watoto nyumbani, zina masimulizi tu. Wenzangu wakaandika kwenye madaftari yao. Na mimi nikaandika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliandika, mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo kitabu kilikuwa na kitako chake, marufaa ya mbao, na mtu hakigusi bila udhu.

Tuanze na huyo mzee wa theluji, maana watu wanamchukulia kama kwamba amezaliwa na Wazungu pamoja na pua zao. Shairi lake, "A Visit from St. Nicholas", lilitoka mara ya kwanza tarehe 23 Desemba 1823 katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, bila jina la mtunzi. Clement Clarke Moore, profesa wa chuo cha dini, hakuliweka kwenye kitabu chake mwenyewe mpaka 1844, na mpaka leo wapo wanaobisha kwamba si lake. Picha zilikuja baadaye, za wachoraji wengi. Toleo la Jessie Willcox Smith la 1912 bado linachapwa. Kwa hiyo hii mila kongwe ya familia ilianza na kipande cha gazeti. Watu wakakikata, wakakichapa, wakakichora, wakakichapa tena, wakauza kwa bei ambayo baba wa kawaida angeweza kulipa. Imetengenezwa kwa mikono, kama ngalawa.

Wakati gazeti la Troy linatoka, Maulidi ya Barzanji tayari yalikuwa yakisomwa. Jaafar al-Barzanji aliyatunga Madina katika karne ya 18. Nayo ni nini, ukiyatazama bila miwani ya semina? Ni utungo kuhusu usiku wa kuzaliwa, unaosomwa nyumbani, kila mwaka msimu ukifika, watoto wakiwepo. Kwenye mwambao wetu hayakubaki Kiarabu pekee: Sayyid Mansab wa Lamu, aliyefariki 1922, aliyafupisha na kuyatia katika Kiswahili. Na kabla ya hapo, 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utenzi. Mama, mtoto, wino, karatasi. Unaweza kugombana na aliyomwambia kuhusu mume (mimi nagombana nayo), lakini huwezi kuniambia kwamba hapo hapakuwa na usomaji wa nyumbani. Hapa hapa Pemba, tungo za Kamange na Sarahani zilikuwa zikitembea vifuani mwa watu na kwenye karatasi zao miaka mingi kabla hazijakusanywa kuwa kitabu, *Kale ya Washairi wa Pemba*, mwaka 2011.

Hilo neno "tu" la kwenye semina, basi, ni la mtu aliyekuja kutafuta kitanda, taa ya mezani na mama aliyekaa pembeni na kitabu cha picha. Hakukiona, akaandika kwamba hakuna kitu.

Nyumba ya bibi ilikuwa na kitu. Ilikuwa na daftari. Baba yake alilinakili kwa mkono, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, wino mweusi na vichwa vya milango kwa wino mwekundu. Ndani yake mna maulidi ya Kiswahili, ambayo bibi husoma baada ya Barzanji kwisha, watu wakinywa kahawa na kula haluwa. Alipokuwa mtoto alikaa mbele ya baba yake akilitazama juu chini, kwa hiyo herufi alizijua kwanza zikiwa zimepinduka, na anasema mpaka leo anaweza kusoma daftari likiwa limeelekea kwa mtu mwingine. Nimemjaribu. Anaweza.

Na watoto hatukulala. Ilikuwa marufuku. Mmoja alipewa mrashi awanyunyizie watu marashi, mwingine alibeba chetezo cha udi na kukizungusha kila mtu ajifukize, na sisi wadogo kabisa kazi yetu ilikuwa kukesha mpaka kiyamu, pale msomaji anapofika kwenye kuzaliwa kwa Mtume na nyumba nzima husimama. Aliyesinzia alifinywa. Nilifinywa sana mimi. Nakumbuka kuinuka na usingizi, miguu imekufa ganzi, na wanawake wote wamesimama ghafla kama msitu, kanga zao zikinuka udi, nami niko chini huko kati ya miguu naona pindo za nguo tupu na moshi. Kitabu hakikuwa na picha hata moja. Sikuona upungufu.

Kufika hapa ningeweza kushukuru na kukaa kitako, tukapigiana makofi sisi watu wa pwani. Lakini nina maneno na sisi pia, tena makali zaidi.

Nilipokuwa na miaka kumi nilijua milango kadhaa ya Barzanji kwa moyo na sikujua maana ya sentensi hata moja. Hakuna aliyenieleza. Nilipouliza niliambiwa nitajua nikikua. Nimekua, niliyajua kwenye maktaba ya chuo kikuu, kwenye tafsiri ya Kiingereza, na niliona haya peke yangu mezani pale. Mtoto wa Troy mwaka 1823 alipewa shairi kwa lugha anayoomba nayo maji. Sisi tulikuwa na la Kiswahili, daftarini, tukaliweka liwe la mwisho, la wakati wa kahawa, watoto wakiwa wamekwisha kuachiwa walale. Ndiyo, bibi yangu naye, pamoja na mshangao wake wote. Tulimkesheza mtoto kwa yale asiyoyaelewa, tukamlaza kwa yale ambayo angeyaelewa.

Kuna wanaosema maulidi yenyewe hayafai, ni uzushi. Mimi si shehe na mjadala huo una wenyewe. Sitauingia kwa miguu ya fasihi. Kuna baba yangu mdogo, ambaye nilipotaja wazo la kuchapa daftari la bibi likiwa na picha kwa ajili ya watoto, alinyanyua kidole kabla sijamaliza. Picha! Za nani? Nikamwambia hakuna anayetaka kumchora Mtume, hata mtoto wa miaka saba anajua hachorwi. Nataka kuchora mrashi. Chetezo, marufaa, mkeka wa ukili, mikoko ya Panza maji yakiwa yamejaa, boti ya kutoka Chokocho imesheheni wageni wa maulidi na sufuria zao. Nataka kuchora mtoto anayefinywa. Alinyamaza, akasema nitakuja kuulizwa. Inshaallah, nikamjibu, nitakuwa na jibu.

Kisha wapo wenzangu, na hawa ndio wananikera kuliko wote, kwa sababu nakaa nao na ni mmoja wao. Tumejaa vyuoni tunaoandika tasnifu kuhusu tenzi. Tunahesabu mizani, tunajadili uke na uume katika Mwana Kupona, tunapeana maksi. Yangu imefika kurasa tisini. Katika kurasa hizo sijaandika neno hata moja ambalo mtoto wa kaka yangu angeweza kulitumia, na katika ile miezi mitatu ya kumsomea kila usiku haikunipitikia akilini kumsomea Kiswahili. Nilikuwa na lango la simu lililo wazi moja kwa moja mpaka sikioni mwake, nikapitisha theluji. Kisa? Kitabu cha theluji kilikuwa na picha na kilikuwa mkononi. Daftari lilikuwa sandukuni.

Usiniambie soko. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia vitabu vya watoto vya Kiswahili nchini hapa, na vitabu hivyo vimesomwa. Usiniambie pia kwamba mtoto anahitaji Kiingereza. Anakihitaji, sekondari inamsubiri nacho mlangoni, na kama ulivyosikia, anacho. Hakuna aliyemnyima.

Kinachonitia haraka ni macho ya bibi. Mtoto wa jicho umemwingia yote mawili. Mwaka huu alishika daftari usiku wa maulidi na kufungua kurasa kwa wakati wake, lakini nilikaa karibu nikaona kwamba hasomi. Anasema aliyoyahifadhi na mkono unafuata kwa adabu. Kuna karatasi mbili katikati zilizoliwa na mchwa. Alipofika hapo hakusita, alipita juu ya tundu kama kwamba limejaa maandishi. Mimi ndiye niliyeacha kupumua. Zile beti hazimo popote ninapopajua ila kichwani mwake.

Asubuhi yake nikakaa naye barazani, kalamu na daftari jipya. Ilikuwa kazi mbaya. Bibi hawezi kuanzia katikati; akikatizwa hurudi mwanzo wa mlango, na akisema polepole ili niandike hupoteza maneno, akisema kwa kasi yake nakosa mimi. Kuna ubeti mmoja aliusema kwa namna tatu, kila namna akiapa kwamba ndiyo ya baba yake. Nimeziandika zote tatu. Karatasi ya pili bado. Tutaendelea Mfungo Mosi nikirudi, Mungu akipenda.

Mtoto wa kaka alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu pembeni yetu na penseli za rangi nilizomletea. Nilimwambia achore anayoyasikia. Alichora nyumba ya bibi, makuti na yote, mrashi mkubwa kuliko mlango, wanawake wamesimama wima kama miti. Pwani akachora boti iliyojaa wageni, na mbele ya boti, juu ya maji, wanyama wanane wenye pembe wakiikokota kutoka Chokocho.

Bibi aliomba kuona. Akaileta karatasi karibu kabisa na uso, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza juu chini, anavyojua yeye kusoma.

"Hawa watakufa maji," akasema, akamrudishia. "Wachoree na wao ngalawa."